Friza Mpya, Fundi wa Waranti na Ndoa Yangu

Jamani, hakuna maneno matamu Kariakoo kama "ina waranti ya mwaka mzima". Ukiyasikia tu, mkono unaingia wenyewe kwenye pochi. Unaona kama muuzaji kakuapia mbele ya wazazi wake. Leo nataka tuongee kuhusu hiyo waranti, lakini siongelei ile ya kunyimwa. Kunyimwa kuna afadhali, maana ukikataliwa unajua moja. Naongelea ile unayopewa nusu nusu: fundi anakuja, anagusagusa, anaandika "imetengenezwa", anaondoka, na kitu chako kimebaki vile vile au kimezidi kuharibika. Na naongelea yanayofuata baada ya fundi kuondoka, mkibaki wewe na mwenzio ndani ya nyumba. Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko friza yenyewe.

PESA YA SEHEMU TATU

Friza niliinunua mwanzoni mwa Oktoba. Lita 200, ile ya kulala yenye mfuniko juu. Bei shilingi 750,000. Usione hiyo namba ukadhani mimi ni mtu wa kushika laki saba na nusu kwa mkupuo. Shilingi 350,000 zilitoka kwenye mchezo wetu wa akina mama wa mtaani, zamu niliyoisubiri miezi saba. Shilingi 250,000 nilikopa kikoba, kwa riba, na wadhamini wawili wakasimama kwa jina langu. Shilingi 150,000 zilizobaki akanipa mume wangu. Akasema, "Haya mke wangu, anza, tuone."

Hilo "tuone" lake lilinikaa kichwani. Nilitaka aone kweli.

Sisi tunaishi Tabata, nyumba ya tatu kutoka shule ya msingi. Ukiwa na friza hapo umeshamaliza. Barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto, maji ya baridi kwa bodaboda, kuku wa kugandisha kwa majirani wanaorudi kazini usiku. Mwezi wa kwanza nilikuwa natoa gharama zote na kubaki na kama shilingi 12,000 kwa siku. Wiki za joto kali zaidi ya hapo. Marejesho ya kikoba nilikuwa nalipa Jumapili mapema, natembea kifua mbele. Mume wangu akaanza kunitania mbele ya rafiki zake, eti siku hizi anaishi na bosi.

Na friza hiyo niliitunza kama mtoto mchanga. Ilipofika kutoka kwenye bajaji ya mizigo sikuichomeka hapo hapo, niliiacha isimame saa kadhaa ili mafuta yatulie kwenye kompresa. Nilinunua friji gadi siku ile ile, ile ya kukata umeme ukipanda au kushuka. Niliiweka mbali na ukuta ipate hewa. Risiti ya mashine na kadi ya waranti yenye mhuri nilivitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Shikilia hayo, msomaji wangu, utaona kwa nini nayasema.

"GESI IMEISHA, MAMA"

Katikati ya Desemba naamka asubuhi, nafungua mfuniko, nakuta maji. Motor inaunguruma kama kawaida, taa inawaka, lakini baridi hakuna. Barafu zimekuwa juisi. Kilo 18 za kuku zimelegea. Kuku wengine niliwauza kwa bei ya kutupa asubuhi ile ile, wengine tukapika, wengine nikagawa. Nikapiga simu dukani. Wakanipa namba ya kituo chao cha huduma. Kituo kikasema fundi anakuja kesho.

Hiyo kesho ilichukua siku tisa.

Alipokuja alikuwa kijana msafi, ovaroli ina nembo, begi la vifaa zuri. Nikamwekea kiti na soda. Akageuza friza, akagusa mabomba kwa kiganja, akasema, "Gesi imeisha, mama." Akachoma kwenye kabomba kadogo karibu na kompresa, akaunganisha mtungi, akajaza huku anasikiliza kwa sikio. Hakuwa na mzani. Hakutafuta gesi imetokea wapi. Dakika 40 hivi, bomba likaanza kushika ubaridi, akabana, akanipa karatasi nisaini. Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, gesi ya friza mpya inaishaje kwa miezi miwili?" Akacheka. "Mama, hizi ndo zilivyo."

Siku ya kumi na saba, maji tena.

WIKI TANO KARAKANA

Safari hii nilienda mwenyewe hadi kituo cha huduma. Sikupiga kelele, niliongea taratibu na karatasi zangu mkononi. Wakasema waichukue ikafanyiwe kazi kubwa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, jua la Dar unalijua. Msimu ambao mwenye friza analipa madeni yake yote, mimi friza yangu imelala karakana ya watu.

Wiki ya kwanza waliniambia wanasubiri spea. Wiki ya pili spea imefika, fundi anaumwa. Wiki ya tatu simu ikawa haipokelewi. Wiki ya nne mlinzi wa getini alikuwa ameshanizoea, ananiita dada, ananisogezea stuli. Kikoba hakijui habari za spea. Marejesho nililipa kwa kuuza vitenge vyangu viwili ambavyo havijakatwa, na mwezi uliofuata mmoja wa wadhamini akaniazima. Anayejua kukaa kwenye duara la akina mama huku jina lako linasomwa la mwisho, anaelewa ninachosema.

Ikarudi katikati ya Februari. Ningekuonyesha picha ungelia. Rangi imekwanguka ubavuni kama vile imeburutwa kwenye kokoto. Bawaba moja ya mfuniko imelegea, ukifunga kona ya kulia inabaki wazi, unaweza kupitisha kidole. Kapu la ndani halipo. Nyuma wameweka kompresa nyingine, na alama za kuchomea zimekaa kama matope. Kwenye fomu yao yameandikwa maneno mawili: "Imetengenezwa. Inafanya kazi."

Nikakataa kusaini. Dereva akaniambia kama sisaini anarudi nayo. Basi nikasaini, lakini chini yake nikaandika kwa mkono wangu kila nilichokiona: rangi, bawaba, kapu. Nikapiga picha fomu na friza palepale, dereva ananiangalia. Mstari huo wa mwandiko wangu ndio ulionisaidia baadaye.

Ilifanya kazi siku kumi na mbili.

NANI ANAAMINIWA NYUMBANI

Nilipopiga simu mara ya tatu, kituo kikageuka. Sasa tatizo likawa mimi. Yule dada wa simu alisema fundi ameripoti "matumizi mabaya". Eti ninafungua fungua. Eti umeme wa kwangu mdogo. Eti na gesi haimo kwenye waranti.

Hapo bado nilikuwa na nguvu ya kubishana. Nguvu iliniishia jioni, nilipomweleza mume wangu, naye akanyamaza kidogo halafu akasema, "Lakini kweli, watoto wa shule wanakuja kila dakika. Si unafungua sana?" Nikamwambia friza ya biashara isipofunguliwa itauzaje? Akajibu, "Fundi ndiye aliyesomea hiyo kitu, mke wangu."

We acha tu. Kuanzia siku ile kila kitu kikawa friza. Sukari ikiisha, "tungekuwa na ile laki na nusu." Bili ya umeme ikija, anaangalia friza iliyokufa kama vile ndiyo inakula luku. Wifi yangu alikuja kutusalimia, akafungua mfuniko, akaufunga, akasema kwa upole kabisa, "Friza zinataka mtu anayezijua, wifi." Mume wangu alikuwepo. Hakusema neno. Nilisubiri aseme hata "alifuata kila kitu". Aliniona mwenyewe nikiiacha isimame ile siku ya kwanza, alinunua yeye plagi ya ile friji gadi! Akamimina chai.

Usiku ule nililala nimegeukia ukutani. Nilijiuliza, hivi huyu mwanaume aliyekaa na mimi miaka kumi na moja, anayejua hata chumvi naipima, anaamini ovaroli ya mtu aliyekaa kwangu dakika 40?

MZEE WA POVU LA SABUNI

Mtaani kwetu kuna mzee fundi friji, karakana yake ni mwembe na benchi moja. Nilimfuata. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamwambia ukweli, kwamba bado nina waranti, kwa hiyo sitaki afungue kitu. Nataka aangalie tu na aniambie. Akasema, "Vizuri. Ukiniachia nifungue, watapata sababu." Nikamwomba mume wangu siku hiyo abaki nyumbani. Nikamwambia, "Shika tochi tu, hutasema lolote."

Mzee alitufundisha kama watoto wa darasa la tatu. Gesi ya friza si kama gesi ya kupikia, ambayo inaungua unaona mtungi unakuwa mwepesi. Ya friza inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kompresa inaisukuma, inatoa joto nje na kuvuta joto ndani, inarudi, inazunguka tena. Bomba likiwa zima inaweza kukaa miaka na miaka bila kuongezwa. Kwa hiyo fundi akikuambia "imeisha", swali ni moja: imetokea wapi? Kujaza bila kutafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Akatuonyesha kibandiko cha nyuma. Kimeandikwa R600a, na uzito wake kwa gramu. Hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya jikoni, inawaka moto. Kwenye friza kama yangu inaingia kidogo sana, gramu kadhaa tu, ndiyo maana hujazwa kwa mzani. Ikizidi au ikipungua baridi linaharibika. Na anayetaka kuchomea bomba lazima aitoe yote kwanza, la sivyo anacheza na moto sebuleni kwa mtu. Akasema pia kwamba kila mfumo unapofunguliwa, ile filta ndogo ya shaba inayonyonya unyevu hubadilishwa, kisha hewa yote inavutwa kwa pampu kabla ya kutia gesi. Akatumulikisha tochi. Kompresa ilikuwa mpya. Filta ilikuwa ile ile ya zamani, na rangi yake ya kiwandani.

Halafu kwenye maungio ya hiyo filta akagusa kwa kidole. Mafuta. Akasema gesi inapovuja huwa inatoka na mafuta ya kompresa kidogo kidogo, yanashika vumbi, yanaacha doa. Friza ikiwa imezimwa, akapaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo. Tukasubiri. Kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama kichwa cha pini. Kikapasuka. Kikatokea kingine pale pale.

"Na umeme je, mzee?" mume wangu akauliza. Nilimwambia asiseme, akasema.

"Umeme mdogo unaunguza mota, mwanangu. Hautoboi bomba. Na kufungua mfuniko kunapoteza baridi tu, hakumwagi gesi. Hili ni ungio bovu la tangu kiwandani. Wameligeukia mara mbili, hawajaligusa."

Mume wangu alibaki ameinama na tochi, anaangalia vile vipovu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usiku akaniambia, "Nilimwamini mtu mwenye ovaroli kuliko wewe." Hakuongeza. Sikumjibu haraka. Nilimwambia pesa yake 150,000 naielewa, lakini siku wifi aliponisema, nilihitaji sentensi moja tu kutoka kwake. Akasema anaikumbuka siku hiyo. Sikujua kama aliigundua. Kumbe aliigundua.

KARATASI INA NGUVU

Tuliandika barua pamoja. Hatukuweka matusi wala machozi, tarehe tu: nilinunua lini, ilikufa lini, fundi alikuja lini, alifanya nini, ilirudi na hali gani. Tukaambatanisha kopi ya risiti, kadi ya waranti, fomu yenye mwandiko wangu, na picha za doa la mafuta na povu. Binamu yangu anayefanya kazi ofisi ya mawakili akatusaidia aya mbili za mwisho.

Alinieleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kadi ya waranti si chanzo pekee cha haki yako. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa fulani akuuzie kitu chenye ubora wa kufaa kuuzwa, na kifae kwa kazi uliyomweleza. Mimi nilimweleza muuzaji kwamba ni ya biashara ya barafu, tena yeye ndiye aliyenichagulia. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Fundi anayeandika "imetengenezwa" kwenye kitu ambacho hakijatengenezwa, hebu niambie hiyo tuite nini.

Barua tuliipeleka dukani, si kituo cha huduma. Binamu alisisitiza hapo: pesa yako aliichukua muuzaji, kwa hiyo muuzaji ndiye wa kuanza naye. Tukaomba muhuri wa "imepokelewa" kwenye kopi yetu. Tukaandika kwamba baada ya siku 14 tutaenda Tume. Mume wangu alienda na mimi, akakaa kiti cha pembeni. Meneja alipoanza kuongea naye badala ya mimi, akamwambia, "Friza ni ya mke wangu. Ongea naye yeye."

Siku ya kumi na moja wakapiga simu. Wakatoa friza nyingine mpya, aina ile ile. Walitaka niendelee na miezi iliyobaki ya waranti ya zamani. Nikasema hapana, mwaka mpya, na uandikwe kwenye kadi. Wakaandika. Kuku wangu hawakulipwa, wala siku zangu za Januari, wala vitenge. Nimelipwa friza tu. Deni la kikoba nilimaliza miezi miwili nyuma ya ratiba, na yule mdhamini wangu nimemrudishia hadi senti ya mwisho.

KWAKO WEWE UNAYETAKA KUNUNUA

Shoga, na wewe kaka, kabla hujatoa pesa uliza nani anatengeneza, yuko wapi, na anachukua siku ngapi. Hakikisha kadi imegongwa mhuri, ina tarehe na namba ya mashine inayofanana na iliyoko kwenye kibandiko. Fundi akija, kaa naye. Mwulize ubovu ulikuwa nini, umetokea wapi, amebadilisha kitu gani, na aandike yote. Akisema ameongeza gesi tu, mwambie akuonyeshe tundu alipoliziba. Kitu kikichukuliwa, piga picha pande zote, kikirudi piga tena. Usisaini neno usilolikubali, na ukilazimika, andika chini yake ulichokiona. Na usimruhusu fundi wa nje afungue kitu muda wa waranti haujaisha, hata kama ana akili kuliko wao. Aangalie tu.

Na la mwisho ni kwa wenye ndoa. Mwenzako akirudi na malalamiko kuhusu kitu alichonunua, usikimbilie kumwuliza amekiharibuje. Shika tochi kwanza, muangalie pamoja. Fundi atapanda pikipiki yake ataondoka. Ninyi mtabaki humo humo ndani, na hiyo friza, na yale mliyoambiana.